Meza ya Sebuleni kwa Mbao Tatu za Paini: Mwongozo wa Fanicha ya Gharama Nafuu

Watu wengi wanaotaka fanicha ya bei nafuu huanzia pasipofaa. Wanamwuliza fundi apunguze bei, fundi anapunguza kwa kutumia mbao mbichi, na miezi michache baadaye meza imepinda, imeachia viungo, na mguu mmoja unaning'inia. Kisha paini inalaumiwa kwamba ni mbao dhaifu. Si kweli. Paini iliyokauka vizuri, ikaungwa kwa utulivu, inakaa miaka mingi ndani ya nyumba. Hata mbao ya bei kubwa, ikiwa mbichi, hupasuka vilevile, tena kwa hasara kubwa zaidi.

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye kipato cha kawaida, anayekaa kwenye nyumba ya kupanga au aliyejenga kidogokidogo, na ambaye hajawahi kushika randa. Tutatengeneza meza ndogo ya sebuleni yenye urefu wa sm 110, upana wa sm 56 na kimo cha sm 45. Nimechagua meza kwa sababu ndani yake kuna karibu kila kitu utakachohitaji baadaye kwa benchi, rafu au kitanda. Usianze na kabati. Milango na droo zinadai usahihi ambao mkono mpya bado hauna.

Unachohitaji

Mbao ni tatu tu, zote za futi 12: mbili za inchi 1 kwa 6 na moja ya 2 kwa 2. Tanzania paini nyingi inatoka nyanda za juu kusini, hasa Mufindi lilipo shamba la miti la Sao Hill, kwa hiyo utaikuta karibu kila duka la mbao mjini. Ukiwa Kenya, saiprasi au grevilea zinafanya kazi hiihii kwa vipimo vilevile.

Vifaa: tepu, penseli, skwea, msumeno wa mkono, nyundo, bisibisi, drili yenye biti ya mm 8 na biti nyembamba ya kutangulizia skrubu, msasa namba 80, 120 na 180, gundi nyeupe ya seremala, na brashi. Drili ndiyo pekee yenye bei ya kuumiza kichwa, na hiyo azima au kodi. Randa ya mkono ni nzuri kuwa nayo, lakini kazi kubwa ya kuranda tutaipeleka kwenye mashine. Karibu kila mtaa wenye mafundi seremala una mashine ya kuranda na kupasua, na wanatoza kwa ubao. Fedha hiyo ilipe bila kusita. Kuranda ubao wa futi 12 kwa mkono ni kazi ya fundi aliyezoea, na usiponyooka hakuna kitakachofuata kitakachonyooka.

Skrubu nunua za aina moja tu, inchi 1 na robo, kama dazeni mbili. Utahitaji pia vijiti vya mviringo vya mbao ngumu, unene wa mm 8, kwa ajili ya pini za viungo. Kama havipatikani dukani, chukua vipande vya mninga au mkongo ambavyo mafundi wanavitupa, vichonge karibu na unene huo, kisha vigonge vipite kwenye tundu la mm 8 lililotobolewa kwenye bati nene la chuma. Vinatoka vimekuwa mviringo.

Kuchagua mbao dukani

Hapa ndipo fedha inapookolewa au kupotea, kwa hiyo usiwe na haraka, hata muuzaji akikuharakisha. Omba ruhusa ya kupekua rundo.

Inua ubao upande mmoja, weka jicho usawa wa ukingo, angalia hadi mwisho kama vile unalenga kwa bunduki. Ubao uliopinda kidogo kama upinde unaweza kunyooshwa kwenye mashine. Uliojinyonga, yaani kona moja imeinuka na nyingine imelala, uache. Mashine itakula nusu ya unene kabla haujalala sawasawa.

Angalia ncha zake. Ukiona kiini cha mti, lile duara dogo la katikati, liko ndani ya ubao, ujue utapasuka pale. Macho madogo, yaani alama za mahali matawi yalipoota, yakiwa yameshikana na mbao hayana neno, na mengine yanapendeza. Jicho jeusi linalocheza ukiligusa litadondoka siku moja na kuacha tundu. Madoa ya rangi ya bluu kwenye paini ni ya ukungu. Hayapunguzi nguvu, na kama utapaka rangi, ni sababu nzuri ya kuomba bei ipungue.

Zipo mbao zenye rangi ya kijani zinazoitwa mbao za dawa. Hizo ni za kupaulia. Dawa yake mara nyingi ina shaba, kromiamu na aseniki, kwa hiyo usizifanyie meza ya chakula wala kitanda cha mtoto, na vipande vyake usivichome jikoni kamwe. Nasisitiza kwa sababu kuni za bure huwa zinatamanisha.

Mwisho, beba ubao mikononi. Mbao mbili za kipimo kimoja, moja nzito waziwazi kuliko nyenzake: ile nzito ina maji. Chukua nyepesi. Hata hivyo chukulia kwamba zote bado ni mbichi, maana duka la mbao halina sababu ya kusubiri zikauke.

Kuhusu pale, yaani zile fremu za mbao za kubebea mizigo: ni mbao nzuri na mara nyingi zimeshakauka. Unazipata maeneo ya viwanda na maghala, Chang'ombe jijini Dar es Salaam kwa mfano, kwa bei ndogo au bure. Tafuta mhuri uliochomwa ubavuni. Herufi HT maana yake zilitibiwa kwa joto, nyuzi 56 kwa angalau dakika 30 hadi katikati ya mbao. Hizo tumia. Herufi MB maana yake zilifukizwa gesi ya methili bromaidi. Hizo acha. Isiyo na mhuri, au yenye madoa ya mafuta na harufu ya kemikali, acha pia, kwani hujui ilibeba nini. Wakati wa kubomoa usizing'oe kwa nguvu, zitapasuka. Pitisha msumeno wa chuma kwenye mwanya kati ya ubao na ubao, ukate misumari yenyewe.

Kukausha

Sehemu hii wengi wanairuka, na ndiyo inayotenganisha meza ya mwaka mmoja na meza ya miaka kumi na zaidi.

Kata kila ubao wa 1 kwa 6 vipande vitatu vya sm 115. Utabakiwa na kipande cha kama sm 20 kutoka kila ubao. Vitunze, vina kazi. Ule wa 2 kwa 2 uache mzima. Tumekata sm 115 badala ya 110 kwa sababu ncha hupasuka wakati wa kukauka na tutazipunguza baadaye. Paka ncha zote rangi yoyote uliyonayo, hata ya ukutani. Maji hutoka haraka sana kupitia kwenye ncha, na hiyo ndiyo sababu zinapasuka.

Panga mbao mahali penye kivuli na upepo: barazani, kwenye korido, chini ya kitanda kama hewa inapita. Zisigusane na sakafu. Kati ya safu na safu weka vijiti vyenye unene sawa, sm 2 hivi, kila baada ya sm 40, na vijiti vya safu ya juu vikae juu kabisa ya vile vya chini. Ukivipishanisha, ubao utajikunja kufuata nafasi hizo. Juu yake weka uzito, tofali kadhaa au ndoo za maji. Kwenye jua kali usiziweke. Linakausha uso haraka huku ndani kukiwa bado na maji, na ubao unapasuka.

Utajuaje zimekauka? Chagua kipande kimoja, kipime kwenye mizani ya dukani, andika uzito juu ya ubao wenyewe kwa penseli. Pima tena baada ya siku nne au tano. Uzito utashuka, utashuka, kisha utasimama. Ukisimama mara tatu mfululizo, ubao umefikia ukavu wa hewa ya mahali ulipo. Kwa paini ya inchi 1 ni suala la wiki kadhaa. Ile ya inchi 2 inachelewa zaidi. Pwani, kipindi cha Juni hadi Oktoba ndicho kizuri kuliko vyote. Ukianza katikati ya masika utasubiri sana.

Kwenye mashine

Peleka mbao zote zikiwa kavu. Mwambie mwendesha mashine arande pande zote nne, na kingo ziwe na pembe mraba, maana tutaziunganisha kwa gundi. Mbao za inchi 1 kwa 6 zitabaki na unene wa sm 2 na upana wa sm 14 hivi. Ile ya 2 kwa 2 itabaki sm 4.5 kila upande. Kisha chagua vipande viwili kati ya vile sita, vile visivyovutia sana, avipasue katikati kwa urefu na kuranda ukingo uliokatwa. Utapata mbao nyembamba nne zenye upana wa sm 6.5. Ondoka na mfuko wa maranda pia kama una kuku.

Sasa kata hivi:

- Vipande vinne vya upana wa sm 14: urefu sm 110. Hivi ni uso wa meza.
- Mbao nyembamba: mbili za sm 91, mbili za sm 37. Hizi ni mbao za ubavu, zinazozunguka chini ya uso kutoka mguu hadi mguu.
- Kutoka kwenye 2 kwa 2: miguu minne ya sm 43, vikingamo (miti ya kukaza miguu karibu na sakafu) viwili vya sm 37 na kimoja cha sm 91.
- Kutoka kwenye masalio ya mbao nyembamba: vipande sita vya sm 5.

Ubao mwembamba mmoja utabaki mzima. Uweke kando.

Jambo la kuzingatia: vipande vinavyopaswa kulingana vikate kwa kupimisha na cha kwanza, si kwa kurudia kusoma tepu. Miguu minne ikizidi au kupungua yote kwa mm 3, hakuna atakayejua. Mmoja ukipungua mm 3 peke yake, chai itamwagika.

Uso wa meza

Panga mbao nne sambamba sakafuni. Angalia mistari ya duara kwenye ncha, ile inayoonyesha umri wa mti. Ubao wa kwanza mistari iangalie juu kama tabasamu, wa pili iangalie chini, ukipishanisha hivyo hadi wa nne. Kila ubao hupenda kujikunja kidogo kwa upande wake, na ukipishanisha wanazuiana. Ukiridhika, chora pembetatu kubwa kwa penseli inayopita juu ya mbao zote, ili usipoteze mpangilio.

Jiriwa ndefu, vile vyuma vya kubania mbao, ni ghali, na kwa meza moja huzihitaji. Chukua ubao wa zamani wowote mpana, au mbao mbili imara zilizolazwa, funika kwa plastiki gundi isishike. Pigilia kijiti kimoja upande wa mwanzo na kingine upande wa pili, ukiacha nafasi ya kama sm 3 zaidi ya upana wa meza. Paka gundi kwenye kingo, laini nyembamba isiyokatika, sambaza kwa kidole, panga mbao, kisha kwenye ule mwanya wa sm 3 ingiza kabari mbilimbili zinazotazamana na uzigonge taratibu. Kabari zinasukuma mbao zibane. Gundi ikianza kujitokeza kama shanga ndogondogo kwenye kiungo chote, inatosha. Ukibana kupita hapo mbao zitainuka katikati. Kwa hiyo weka uzito juu kabla ya kumalizia kugonga.

Futa gundi iliyotoka kwa kitambaa kibichi mara moja. Ikikauka juu ya mbao itaziba vitundu na vanishi haitaingia, utaona baka jeupe siku zote. Acha mpaka kesho yake.

Miguu na viungo

Msumari hauwezi kushika mguu wa meza kwa muda mrefu. Meza inasukumwa, inaburutwa, msumari unalegeza tundu lake kidogokidogo. Njia ya kale ya ulimi na tundu ndiyo bora, lakini inadai patasi kali na mazoezi. Pini za mbao na gundi zinampa mwanafunzi kiungo chenye nguvu ya kutosha bila kazi kubwa.

Simamisha mguu, egemeza ncha ya ubao wa ubavu katikati ya upana wa mguu, juu vikiwa sawasawa. Bana au mwombe mtu ashike imara. Kutoka upande wa nje wa mguu, toboa kwa biti ya mm 8 mpaka ipite mguu wote na kuingia sm 3 ndani ya ubao. Zungushia utepe wa karatasi wenye gundi kwenye biti, sm 7.5 kutoka nchani, ili ujue pa kusimama. Kila kiungo kina pini mbili.

Angalia hapa, maana ndipo kazi inapoharibika. Pini za ubao mrefu na za ubao mfupi zinaingia kwenye mguu uleule kutoka pande mbili na zitagongana zikiwa usawa mmoja. Kwa hiyo mbao ndefu toboa sm 1.2 na sm 4 kutoka juu. Mbao fupi toboa sm 2.6 na sm 5.4. Zinapishana bila kugusana.

Kabla ya kugonga pini, kwangua mfereji mwembamba kwa urefu wake. Usipofanya hivyo gundi na hewa vinanaswa chini ya tundu, pini inakataa kuingia, na ukilazimisha, mguu unapasuka. Tia gundi ndani ya tundu na kwenye ncha ya ubao, gonga pini, acha ichomoze nusu sentimita. Ikikauka ikate kwa msumeno na uisugue msasa. Pini za mninga kwenye paini zinaonekana kama vidoti vyekundu, na mimi siwezi kuzifunika kwa rangi.

Unga kwanza pande mbili fupi: miguu miwili, ubao wa ubavu wa sm 37 juu, na kikingamo cha sm 37 kikiwa sm 10 kutoka chini. Subiri zikauke. Kisha unganisha kwa mbao mbili za sm 91, na kikingamo kirefu katikati ya vile vifupi, kikifanya umbo la herufi H karibu na sakafu. Kabla gundi haijashika, pima kutoka kona hadi kona kwa mshazari, pande zote mbili. Vipimo vikilingana, fremu ni mraba. Visipolingana, sukuma kona yenye kipimo kirefu mpaka vilingane.

Kufunga uso

Usipigilie uso moja kwa moja kwenye fremu. Mbao hutanuka na kusinyaa kwa upana kadiri unyevu wa hewa unavyobadilika, na kwa urefu karibu haibadiliki. Uso wa sm 56 unaweza kusogea hadi nusu sentimita kati ya masika na kiangazi. Ukiubana, utapasuka au utavuta miguu.

Vile vipande sita vya sm 5 vifunge ndani ya mbao za ubavu, usawa wa juu: viwili kila ubao mrefu, kimoja kila ubao mfupi. Kwenye kila kipande tengeneza tundu refu kwa kutoboa matundu mawili yanayokaribiana na kuyaunganisha, urefu wake ukielekea upande wa upana wa meza. Pindua uso juu chini, weka fremu juu yake ikiacha sm 5 kila upande, tanguliza kwa biti nyembamba isiyozidi kina cha sm 1, funga skrubu. Kaza vya kutosha kushika, zisinyonge mbao.

Msasa na vanishi

Namba 80 kuondoa alama za mashine, 120 kulainisha, 180 kumaliza. Daima fuata nyuzi za mbao. Ukikatisha, mikwaruzo itajitokeza vanishi ikishapita. Kingo zote zisugue ziwe butu kidogo, hasa kama kuna mtoto anayejifunza kutembea.

Kwa rangi nyeusi-kijivu bila kununua rangi: chemsha chai nyeusi kali, paka, acha ikauke. Kisha paka siki nyeupe iliyolazwa siku kadhaa na misumari ya chuma yenye kutu, chombo kisifungwe kwa nguvu kwa sababu gesi inatoka. Paini ina tanini kidogo, chai inaiongezea, na chuma kinafanya iwe nyeusi-kijivu. Jaribu kwanza kwenye kipande.

Vanishi ya kwanza ichanganye na thina kidogo iingie ndani. Ikikauka sugua kidogo kwa msasa laini, futa vumbi, paka ya pili na ya tatu. Upande wa chini wa uso upake pia, hata kama hauonekani, maana upande mmoja ukivuta unyevu na mwingine haivuti, meza itajikunja. Matambara yenye vanishi ya mafuta yatandaze nje yakauke; yakirundikwa yanaweza kujichoma yenyewe.

Oili chafu ya gari, ambayo wengi hupaka kuzuia mchwa, usiitumie kwa kitu cha ndani. Inanuka, haikauki, na hakuna vanishi itakayoshika juu yake. Fanicha inayokaa sakafu kavu na kusogezwa wakati wa usafi mchwa hawaifikii kirahisi. Ukiona unga laini na vitundu vya duara, hao ni dumuzi, na wanahitaji dawa ya mbao.

Yaliyobaki ni mapambo

Ule ubao mwembamba uliobaki mzima ni rafu ya picha. Upasue kwa urefu vipande viwili, kimoja cha sm 4.5 na kingine cha chini kidogo ya sm 2. Kipana kinalala, chembamba kinasimama mbele yake kama ukingo wa kuzuia fremu zisiteleze. Gundi na uzito vinatosha kuviunganisha. Ukuta wa tofali za saruji unahitaji plagi za plastiki. Kama nyumba ni ya kupanga, ongea na mwenye nyumba kwanza, au isimamishe juu ya kabati.

Vile vipande viwili vya sm 20 vina upana wa kutosha kwa ubao wa funguo. Badala ya kununua vitundikio, chonga vijiti vya mninga vilivyobaki kwenye pini, toboa matundu yakielekea juu kidogo, kama nyuzi 10, ili funguo zisiporomoke, na uvipachike kwa gundi. Kipande cha pili paka chai na siki ile, upate viwili vyenye rangi tofauti: kimoja mlangoni, kingine zawadi kwa jirani aliyekuazima drili.